Friji Inayofunguliwa kwa Pua

Ukiingia mlango mkubwa wa kile chuo cha usanifu na ufundi kilichoko pembeni mwa mji wa Cheongju, kitu cha kwanza kukutana nacho ni friji. Si ya kuwekea soda za walinzi. Ni friji ya kimchi, ile kabichi ya pilipili ambayo Wakorea hawali chakula bila nayo, nyeupe tupu, uso wake kioo kitupu toka juu hadi chini. Haina mpini, haina kitufe, haina hata upenyo wa kupitisha ukucha. Imesimamishwa juu ya jukwaa na kuwashiwa taa yake peke yake, na chini yake pana kibao cha shaba: Pyo Seon-mi, mhitimu wetu, tuzo ya kwanza ya usanifu wa vyombo vya nyumbani, 2008. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hupiga picha mbele yake. Wa mwaka wa nne huigusa kwa siri kabla ya mitihani.

Mwenyewe Pyo Seon-mi hakuwa amekanyaga hapo kwa miaka kumi na sita. Kila mwaka Profesa Tak alimwalika kwenye siku ya wahitimu, siku ambayo waliotangulia huja kuwaeleza wanaofuata dunia ya kazi ikoje, na kila mwaka alikuwa na udhuru. Mara mafua, mara safari, mara meno. Mwaka huu udhuru ulimwishia. Siku yenyewe iliangukia Alhamisi ya mwisho ya Novemba, na ilimbidi apitie Cheongju akienda kwa mama yake Goesan kwa ajili ya kimjang, yaani majuma yale ambayo nchi nzima inatia kabichi pilipili. Alishuka kwenye basi na begi moja la nguo na mfuko wa sokoni uliojaa jozi kumi za glavu nyekundu za mpira. Mama alikuwa ameziagiza.

Profesa Tak alimsubiri mlangoni. Walisoma pamoja, Tak akimtangulia miaka miwili.

"Umenenepa," alisema.

"Na wewe umeota kipara, Kaka. Tumetoka sare."

"Hizo glavu za nini? Umekuja kuhutubia watu au kufua?"

"Nimekuja kupita njia."

Tak alimvuta mkono hadi mbele ya friji. Kwenye kile kioo, usawa wa kifua, palikuwa na kidoti cha kijivu kidogo kuliko sarafu. Alikigusa kwa ncha ya kidole, na mlango ukajifungua polepole bila kelele.

"Kila nikiigusa," alisema Tak, "nywele zinanisimama."

"Zipi?"

Alicheka mpaka akavua miwani. Seon-mi hakucheka. Alikuwa anakitazama kile kidoti, na mkono wake ulienda wenyewe usoni, ukashika ncha ya pua.

Nyuma yao alikuwa amesimama msichana aliyekumbatia boksi kubwa. Aliinama kuamkia, akainama sana, nusura boksi limponyoke.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hebu weka huo mzigo chini kwanza."

"Huyu ndiye Ban Ye-rang," alisema Tak. "Mwaka wa nne. Jumatatu kazi yake inakwenda kwa majaji, na atakayeshika namba moja anaajiriwa kwenu kiwandani. Mimi nimeshamwona mshindi. Ukimsifu mbele ya ukumbi leo, mambo yamekwisha."

Ye-rang alikuwa ameiva masikio kwa haya. "Dada, mimi nilikuja chuo hiki kwa sababu ya friji hii. Mama alitaka nikasome unesi. Nikamwonyesha picha, nikamwambia, mama, tazama, kitu kinaweza kuwa safi namna hii." Alifungua boksi. Ndani palikuwa na kabati la dawa la kuwekwa nyumbani kwa wazee, jeupe, laini, halina mpini wala kitufe, lina kidoti kimoja cha kijivu.

Seon-mi alikigusa na kabati likafunguka. Lilikuwa zuri, hilo halina ubishi. Mtoto yule alikuwa na mkono wa kazi.

"Umelijaribu na nani?"

"Na darasa zima, dada. Mara mia mbili. Halijakosea hata mara moja."

"Na darasa zima," alirudia Seon-mi.

Sentensi ile aliijua. Aliwahi kuitamka yeye mwenyewe, mwezi wa Juni mwaka 2008, mbele ya bosi wake, kidevu juu.

Sasa nikwambie hali yake ilivyokuwa, maana pale ukumbini aliketi kwenye kiti cha wageni akiwa amebanwa pande mbili. Kiwandani Seon-mi ni yule mama wa ghorofa ya pili. Vijana wapya humwomba awaelekeze chooni. Jirani zake wanadhani anafanya kazi ya uhasibu. Katika nchi nzima palikuwa na jengo moja tu ambamo Pyo Seon-mi alikuwa mtu, na ndimo alimokuwa ameketi. Akisema ukweli wa ile friji, kibao kitang'olewa, na watakaoking'oa watakuwa na haki. Akinyamaza, yule msichana Jumatatu atabeba kosa la Seon-mi, alipeleke mbele, apigiwe makofi, na siku moja liingie kwenye nyumba za wazee.

Kabla yake alizungumza kijana mmoja wa viatu vyeupe anayetengeneza programu za simu. Aliwaambia wafuate ndoto zao, na wanafunzi wakaandika, sijui waliandika nini, kwa kuwa ndoto si kitu cha kunakiliwa. Kisha Seon-mi aliitwa, na makofi ya kumpokea yalimtia woga.

Alisimama. Akaweka mfuko wa glavu juu ya meza.

"Nimeombwa niwashauri," alisema. "Ushauri wangu ni mfupi, ila mpaka niwaeleze kwanza ile friji ya pale mlangoni ina kasoro gani."

Profesa Tak, safu ya mbele, alimkazia macho.

Aliwaeleza. Tuzo ilitoka Oktoba, na kiwanda kikampelekea mama yake friji ya kwanza kabisa kuwa zawadi. Novemba akapewa likizo ya siku tatu, akaenda Goesan kwenye kimjang. Ilikuwa mara yake ya kwanza baada ya miaka minne. Kwa nini miaka minne? Kwa sababu kila Novemba alikuwa kazini, anasanifu friji ya kimchi. Hapo ukumbi ulicheka, naye akawaacha wacheke.

Uani kwa mama yake walikuwa wanawake tisa juu ya turubai, na kabichi mia na hamsini zilizolala kwenye chumvi usiku kucha. Wote walivaa glavu hadi viwikoni, na glavu zote zinachuruzika pilipili, figili na uduvi. Mama yake alijaza beseni, akaliegemeza kiunoni, akaenda jikoni. Seon-mi alimfuata kwa siri, kama mzazi anayechungulia dirishani mtoto wake anavyosoma darasani. Alitaka kuiona friji yake ikifanya kazi.

Mama alifika mbele ya kile kioo cheupe. Hakusita wala hakuguna. Alikunja shingo, akakigusa kidoti kwa ncha ya pua, mlango ukafunguka. Akapanga kabichi zake, akausukuma mlango kwa nyonga, akatoka. Akaingia jirani na beseni lake. Akainama, pua, mlango, kabichi, nyonga. Akaingia wa tatu. Walikuwa wakifanya hivyo kana kwamba tangu dunia iumbwe friji zote zimefunguliwa kwa pua.

"Mama, mnafanya nini?"

"Tunaweka kabichi. Wewe unafanya nini, umesimama tu?"

"Kwa nini mnafungua kwa pua?"

"Haisikii glavu," alijibu mama yake.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Si inafunguka?"

Na jirani akadakia, bila kejeli hata kidogo: "Sisi tulijua ndivyo mlivyokusudia, Mama Seon-mi. Watu waliosoma wana mambo yao."

Ukumbini, kuna aliyecheka nyuma kabisa. Kicheko kilikosa wa kukiunga mkono.

Aibu ilimjia baadaye, njiani, ndani ya basi, na ilikuja yote. Lakini pale jikoni kilichomshika kwanza kilikuwa kitu kingine, na alihangaika kuwaeleza. Mbele yake walikuwa wanawake waliopewa chombo kisichoitambua mikono yao, mikono ileile ambayo chombo kilitengenezwa kwa ajili yake. Hawakukitukana. Hawakukirudisha. Ndani ya asubuhi moja walikuwa wamemaliza tatizo ambalo wasanifu kumi na wanne na maabara nzima hawakujua kama lipo, na walilimaliza kwa miili yao, huku wanapiga soga. Hajawahi, alisema, kuona akili kubwa kama ile. Hata kanisani hajawahi kuinamisha kichwa kwa moyo kama alivyowainamia wale.

"Jumatatu nikaenda kwa bosi," aliendelea. "Akafungua kitabu cha malalamiko. Malalamiko sifuri. Akaniambia, kalale, mtoto, watu wanaipenda. Nami nikamwomba anihamishie kwa mafundi wa kutengeneza majumbani. Alidhani nimechanganyikiwa."

Alibeba sanduku la zana misimu miwili ya baridi. Aliingia nyumba za watu, akavua viatu mlangoni, akatengeneza kilichoharibika, kisha akaomba maji ya kunywa ili apate kukaa kidogo na kuangalia. Aliona mama aliyeuacha mlango wazi wiki nzima, kaushikizia mwiko. Aliona mwingine anayefungua kwa paji la uso. Aliona mzee mmoja, meneja mstaafu wa benki, amewekewa kigoda kando ya friji na mkewe, na kazi yake siku nzima ya kimjang ni kunyoosha kidole akiambiwa "Gusa." Na huko milimani akamwona bibi mmoja mwenye beseni mikononi aliyeitandika friji teke chini kabisa, kwa hasira tupu, na Seon-mi akatazama ule mguu. Mikono imejaa. Pua si ya kazi hiyo. Mguu haukuwa na shughuli yoyote.

"Inueni mikono," alisema, "nyie ambao friji ya nyumbani kwenu ina upau chini, unasukumwa kwa mguu."

Mikono ilianza mmoja mmoja, ikawa mingi, ikawa karibu ukumbi mzima. Watu waligeuka kutazamana.

"Bibi yangu huipiga teke kila siku," alisema mvulana mmoja kwa sauti ndogo. "Nilidhani wana ugomvi."

"Ule upau tuliuweka mimi na wenzangu wawili. Hauna tuzo. Hauna kibao. Mama zenu hawajui kama kuna mtu aliyeufikiria, na mimi nikiuona unafanya kazi, mpaka leo mwili unanisisimka." "Basi ushauri ni huu. Ukitengeneza kitu, usiwaulize watu kama wanakipenda. Watakwambia wanakipenda, watu wana adabu. Nenda ukae kimya uangalie wanavyokiinamia."

Hakumtaja Ye-rang wala kabati lake. Hakuwa na haja. Kutoka pale mbele alimwona msichana amekaa wima na boksi mapajani, uso umemsawijika. Makofi yalipoanza, yalianza kwa kusitasita kisha yakavuma, Ye-rang alinyanyuka, akapita katikati ya viti, akatoka bila kuaga.

Profesa Tak alimsindikiza Seon-mi kituoni.

"Nilidhani utazungumzia tuzo," alisema Tak.

"Nimezungumzia tuzo, Kaka."

"Miaka kumi na sita nawaonyesha wageni mlango ule. Nawaambia, hapa ndipo usanifu ulipofikia." Alipangusa miwani. "Hata siku moja sikujiuliza mke wangu anaifungua ya kwetu kwa kutumia nini."

"Na kile kibao?"

"Nitafikiria." Aliingiza mikono mifukoni. "Lakini yule mtoto umemvunja."

Hilo ndilo alilosafiri nalo hadi Goesan, na Ijumaa nzima wakipasua kabichi na kuzilaza kwenye chumvi alikuwa nalo. Kibao hakikumuuma kama alivyotarajia. Uso wa yule msichana ulimuuma.

Jumamosi asubuhi, kabichi zimeshaoshwa na kuchuja maji, wanawake wameshakaa kwenye turubai, lango lilisukumwa. Ban Ye-rang alikuwa amesimama pale na koti la mjini na viatu visivyo vya matope. Alipanda basi la kwanza, na njia alielekezwa na Profesa Tak. Macho yalikuwa yamemvimba.

Aliwaamkia wote, kisha akamgeukia Seon-mi. "Nimekuja kuangalia," alisema.

Aliyejibu ni mama yake Seon-mi, bikizee wa miaka sabini na minane, bila kuinua kichwa. "Hapa haangalii mtu. Vaa glavu, keti."

Akavaa, akaketi. Siku ilikuwa ya baridi kali. Alifundishwa kulifunua jani la kabichi na kulipaka, jani baada ya jani, asiruke hata moja, na aliporuka alichapwa kiwiko.

"Huyu mkwe wa nani?" waliuliza jirani.

"Mwanafunzi."

"Wa nini?"

"Wa kutengeneza vitu."

"Afadhali. Labda atatutengenezea kiuno kipya."

Kufika mchana hakuuhisi mgongo wake. Alilishwa nyama ya nguruwe iliyochemshwa, imeviringishwa kwenye kabichi mbichi, na akalishwa mdomoni, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na mkono safi. Kisha bikizee akamtupia neno: "We binti, hilo beseni peleka jikoni. Friji iko kulia."

Ilikuwa ileile. Seon-mi alishamletea mama yake friji tatu mpya zenye upau wa mguu. Moja ipo kwa jirani, moja ipo kanisani, na ya tatu bikizee aliwapa waliooana juzijuzi. Ya kwanza alikataa kuiachia, na hakuna aliyewahi kumtoa sababu.

Ye-rang alisimama mbele ya kioo, beseni kiunoni. Aliujua ule uso mweupe kuliko alivyoujua uso wa mama yake, picha yake aliibandika ukutani chumbani tangu ana miaka kumi na saba. Alinyoosha kidole cha glavu kwenye kidoti. Kimya. Akakipangusa kwenye aproni, akarudia. Kimya. Akajaribu kiwiko, na sweta likakataa. Aligeuka. Seon-mi alikuwa kwenye kizingiti na beseni lake, na nyuma yake mama yake na la kwake, foleni nzima inasubiri. Seon-mi alitamani kusema, akajizuia.

Msichana aliangalia mbele tena. Polepole alikunja shingo, akaiweka pua yake juu ya kidoti. Mlango ulijifungua, ukampulizia usoni baridi na harufu ya kimchi ya mwaka jana, naye akabaki ameinama vilevile, hanyanyuki, machozi yanadondokea kwenye beseni.

"Usiipake mafuta ya pua," alisema bikizee nyuma yao. "Ipanguse ukimaliza. Hiyo friji kaitengeneza mwanangu."

Seon-mi hakugeuka. Hakuweza.

Ye-rang alipanga kabichi zote, akaufunga mlango kwa nyonga kama alivyoona wengine wakifanya, akakipangusa kioo kwa bega la sweta lake. Kisha akauliza, sauti imemkauka, "Bibi, dawa zako za kila siku unaweka wapi?"

"Dawa? Kwenye kopo la biskuti, pale juu. Unaumwa?"

"Hapana. Naomba nione unavyolifungua."

Bikizee alimtazama, akamtazama na binti yake, akaona watu waliosoma wana mambo yao. Alivua glavu, akaenda kuliteremsha kopo, akaketi nalo sakafuni. Vidole vyake havikuwa na nguvu za kuung'oa mfuniko. Alilibana katikati ya magoti, akachukua kijiko, akaanza kuzungusha ukingoni, kidogo huku, kidogo kule, kwa utaratibu wa mtu aliyefanya hivyo kila asubuhi kwa miaka. Ye-rang alipiga magoti mbele yake pale sakafuni na kutazama, na mpaka mfuniko ulipoachia hakupumua.